Kanda za harusi, DVD ya bibi, na kipi kinunuliwe kwanza

*"Asalaam aleikum. Nina kanda 11 za VHS za harusi za nyumbani kwetu, kuanzia mwaka 1989 hadi 1998, na kanda 4 ndogo za kamera za mwaka 2004. Nyingi ni za siku ya kupamba, wamo mama na mashangazi bila buibui, kwa hivyo sitaki kuzipeleka dukani. Bibi yangu yuko Kibokoni, ana deki ya DVD na simu ya kubonyeza tu, na ndiye ninayemfanyia haya. Kaka yangu yuko Toronto na mama mdogo yuko Maskati, nao wanataka. Laptopu yangu ni ya Windows, haina mahali pa kutia diski. Dukani, Digo Road, nimeambiwa ninunue mashine ya kuchomea DVD, diski za gigabaiti 8.5 na programu ya kugeuza picha iwe HD. Kanda mbili zina kitu cheupe kama unga. Ninunue nini, nitumie programu gani, nianzie wapi?"*

Wa aleikum salaam, dada. Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa fundo moja. La kwanza ni la vifaa na programu. La pili ni la sitara: vipi kanda za kupamba zitoke kabatini zimfikie bibi bila kupita mikononi mwa mtu asiyehusika. Hilo la pili ndilo linaloamua la kwanza, kwa hivyo sitakujibu kwa kukuambia upeleke kwa fundi. Kazi hii yafanyika nyumbani, na wewe waiweza.

Ila usinunue bado vile ulivyotajiwa dukani. Mashine ya kuchomea ndiyo ya mwisho kuhitajika, na haiongezi wala haipunguzi uzuri wa picha. Draivu ya bei rahisi na ya bei ghali zote huandika data ileile juu ya diski. Uzuri wa picha hupatikana au hupotea mapema zaidi, pale deki ya VHS inapoisoma kanda na pale kifaa cha kunasia kinapoigeuza ile ishara ya umeme kuwa faili. Kikiharibika kitu hapo, hakuna programu ya kukirudisha. Pesa zako zielekee huko.

Na hiyo HD uliyoahidiwa, iache. VHS ilitolewa na JVC mwaka 1976, na kwa upana wa picha hubeba undani wa mistari kama 240 tu. DVD, kwa mfumo wa PAL tunaotumia Kenya, ina vitone 720 kwa 576. Yaani DVD ni birika, na kilichomo kandani ni kikombe kimoja cha kahawa. Ukikimimina ndani ya pipa bado ni kikombe kimoja. Tena DVD ya kuchezwa kwenye deki haipokei HD kabisa, kwa hivyo hata ukiinunua programu hiyo, picha itapunguzwa tena ifike kwa bibi. Zipo programu za siku hizi zinazobuni undani usiokuwepo, nazo hubuni kweli: huchora kope na meno ambayo hayakuwa ya shangazi yako. Kwa sura za watu ambao baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki, mimi sikubali jambo hilo na sitakushauri.

Diski za gigabaiti 8.5 nazo ni za tabaka mbili. Deki nyingi za zamani hukwama pale mwanga unaporuka kutoka tabaka moja kwenda la pili, au huikataa diski tangu mwanzo. Nunua DVD-R za kawaida za gigabaiti 4.7. Nasema DVD-R na si DVD+R kwa sababu deki za miaka ya mwanzo huikubali ile ya kutoa kuliko ya kujumlisha.

Sasa kanda zenyewe. Ule unga mweupe ni kuvu. Mombasa twaishi na unyevu mwaka mzima, na masika yakishika, kabati lililo ukutani mwa nyumba ya mawe hunyonya maji kama sifongo. Tafadhali usizitie kanda hizo mbili kwenye deki yoyote, hata kujaribu kidogo. Kuvu hushika kwenye vichwa vya deki, hukwaruza kanda yenyewe, kisha huhamia kwenye kanda nzima utakayotia baadaye. Niliwahi kutia kanda moja ya namna hiyo nikidhani ni vumbi. Picha ilizima dakika ya tatu, na kanda iliyofuata, iliyokuwa nzima, ikatoka na mstari wa mkwaruzo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwenyewe alinisamehe, lakini mkwaruzo haukuondoka. Kwa hivyo zitenge kanda hizo mbili, kila moja ndani ya mfuko wake pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Usizianike juani, joto hukunja kanda. Nitazirudia mbele.

Zile tisa nzima, fanya mambo mawili kabla ya yote. Nyuma ya kila kanda ya VHS kuna kijipande kidogo cha plastiki. Kivunje. Kikishavunjika, deki haiwezi kurekodi juu ya kanda hata mtu akibonyeza kitufe kwa bahati mbaya. Pili, ipeleke kanda mbele hadi mwisho, kisha uirudishe hadi mwanzo, mara moja. Kanda iliyokaa miaka ishirini bila kuguswa hulegea upande mmoja na kubana upande mwingine, na zoezi hilo huisawazisha.

Deki ya VHS itabidi uitafute kwa watu, maana mpya hazitengenezwi. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyoendelea kuziunda wenzake walipokwisha kuacha, ilisimama Julai 2016. Waulize jamaa kwanza, kisha uwaendee wauzaji wa mitumba ya umeme. Uliza kama ni ya PAL, na ichezwe mbele yako kwa kanda isiyo na thamani. Mstari wa chengachenga chini kabisa ya picha ni jambo la kawaida, usiogope. Lakini picha ikipinda juu, au sauti ikiyumba kama mtu anayezama, iache hapo hapo.

Kutoka hapo njia ni tatu. Ya kwanza ni deki ya kurekodi DVD, ile yenye tundu la kanda na tundu la diski pamoja. Unatia kanda, unatia diski, unabonyeza kitufe. Ni rahisi mno, na kama lengo lako lingekuwa bibi peke yake ningekuambia utafute hiyo. Ubaya wake ni kwamba kazi yote huishia ndani ya diski, tayari imebanwa, na ukitaka kumtumia kaka yako utaanza upya. Tena diski hizo lazima "zifungwe" mwishoni kwa kitufe maalumu; stima ikipotea kabla ya hapo, deki nyingine haitaisoma. Sisi wa Pwani twajua stima inavyopotea.

Njia ya pili ni kijifaa cha USB cha kunasia, chenye matundu matatu ya rangi: la njano kwa picha, jeupe na jekundu kwa sauti. Hii ndiyo njia yako. Ya tatu ni kutumia kamera ya zamani ya Digital8 au MiniDV iliyo na uwezo wa kupitisha picha ya VHS na kuigeuza yenyewe. Ni nzuri sana ukiwa nayo, maana hizo ni kamera za kanda ndogo za kidijitali, lakini si ya kuitafuta mji mzima.

Kijifaa cha USB kina tatizo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Kanda ya VHS huzungushwa kwa mota na mpira, na mota haiendi sawa kama saa. Kila mstari wa picha huchelewa au huwahi kidogo. Televisheni ya zamani ilivumilia. Kifaa cha kunasia hakivumilii. Kikichanganyikiwa hutupa fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda mwendo, na sauti inaendelea mbele bila kuingoja picha. Baada ya saa nzima utamwona somo anafungua mdomo na sauti imeshapita. Dawa ni kupitisha waya kutoka deki ya VHS kwenda kwenye deki ya kurekodi DVD, hata kama haichomi tena, kisha kutoka hapo kwenda kwenye kijifaa. Baadhi ya deki hizo hunyoosha mistari kabla ya kuitoa. Panasonic DMR-ES10 inajulikana kwa kazi hiyo. Ukiipata, ichukue. Usipoipata, nasa dakika thelathini thelathini badala ya kanda nzima kwa mpigo, na sauti haitapata nafasi ya kwenda mbali na picha.

Programu usinunue hata moja. Ya kunasia ni VirtualDub, ni ya bure na haihitaji kompyuta yenye nguvu. Weka 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, na kodeki (njia ya kubana picha) isiyopoteza kitu kama Huffyuv. Picha isiyobanwa kabisa hula kama gigabaiti 75 kwa saa, na kodeki hiyo huipunguza hadi karibu nusu. Kanda ya E-180 ni saa tatu, kwa hivyo uwe na gigabaiti 120 hivi zilizo wazi, na ufanye kanda moja moja. Ukimaliza kukata sehemu tupu, tunza faili kubwa ya H.264, aina nyingine ya kubana picha, yenye megabiti 15 kwa sekunde. Hiyo ni chini ya gigabaiti 7 kwa saa. Kanda zako zote 11 zitaingia ndani ya diski ya nje ya terabaiti 1 na nafasi ibaki. Faili hizi ndizo mali. DVD itatengenezwa kutoka kwazo leo, na kitu kingine kitatengenezwa kutoka kwazo kesho.

Nikueleze jambo moja utakalokutana nalo. Picha ya PAL haichorwi yote kwa pamoja. Mistari isiyogawanyika kwa mbili huchorwa kwanza, kisha inayogawanyika, zamu 50 kwa sekunde. Kwenye laptopu utaona mtu anayecheza lelemama amechanikachanika pembeni kama meno ya kitana. Faili haijaharibika, ndivyo ilivyo. Kwa DVD iache hivyohivyo, kwani deki na televisheni ya bibi zinajua kuiunganisha. Kwa faili ya kutazamwa kwenye simu, ipitishe kwenye HandBrake, programu ya kugeuza faili za video, na uwashe sehemu ya kuondoa mistari. Na ikitokea kwamba DVD yako inatetemeka kila mtu anaposogea, basi mpangilio wa mistari umegeuzwa. Rudi kwenye mipangilio, ubadilishe "juu kwanza" iwe "chini kwanza" au kinyume chake. VHS kupitia kijifaa cha USB mara nyingi huanza juu. MiniDV huanza chini.

HandBrake haitengenezi DVD, nalisema hili kwa sababu wengi huihangaikia bure. Na kunakili faili ya MP4 juu ya diski hakuifanyi kuwa DVD. Deki ya bibi hutafuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake picha ya MPEG-2 iliyogawanywa kwa faili za VOB zikiwa na ramani zake. Hiyo hutengenezwa na DVDStyler, nayo ni ya bure. Unaburuta faili zako ndani, unachora menyu, unachoma. Menyu ya bibi iwe na maandishi makubwa na chaguo chache: "Kupamba", "Nikaha", "Kutoa mkono". Au usiweke menyu kabisa, diski ianze kucheza yenyewe ikishatiwa. Mimi ningefanya hivyo.

Swali la muda gani uingie kwenye diski moja lina hesabu yake, na ukiijua hutamuuliza mtu tena. Gigabaiti 4.7 ni megabiti 37,600. Saa mbili ni sekunde 7,200. Gawanya, upate kama megabiti 5.2 kwa sekunde, na ukitoa sauti hubaki kama 5 za picha. Hapo VHS hutoka vizuri. Saa moja na nusu ni bora zaidi. Saa tatu huteremka hadi 3.5 hivi, na picha ya VHS ina chengachenga nyingi zinazokula nafasi, kwa hivyo utaona vyumba vidogo vidogo vya rangi kila watu wanapocheza. Gawa kanda ya saa tatu kwenye diski mbili. Na usishangae Windows ikikuambia diski ina 4.38, inahesabu kwa namna yake, hujaibiwa.

Sasa ndipo ununue draivu ya kuchomea ya nje, ya USB. Ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, si kwenye kigawanyi, kwa sababu umeme wake hutoka hapo. Choma kwa kasi ya 4 au 8, hata kama diski imeandikwa 16, kisha iache programu iihakiki diski. Kwa kasi ya 4 ni robo saa tu. Laptopu ina betri, lakini deki ya VHS haina, kwa hivyo wakati wa kunasa, UPS ndogo, yaani betri ya akiba, itakuokolea saa nyingi. Usibandike karatasi juu ya diski, huyumba ikizunguka. Andika kwa kalamu laini ya wino wa kudumu.

Mama mdogo wa Maskati apelekewe diski ileile ya bibi, kwani Oman nao ni PAL. Toronto ni NTSC, mfumo mwingine wa picha wenye fremu 29.97 kwa sekunde, na deki nyingi za huko huigomea PAL, ingawa kompyuta huicheza bila taabu. Usijisumbue kugeuza fremu 25 ziwe 29.97, mwendo huruka ruka. Kaka yako mpelekee faili ndani ya flashi. Habari za DVD kugawanywa kwa maeneo ya dunia, zile zinazoiweka Kenya kwenye eneo la 5, hazikuhusu: DVD ya nyumbani haifungiwi eneo lolote.

Nirudi kwenye sitara, maana ndiko ulikoanzia. DVD ya nyumbani haina kufuli. Anayeishika huiona, na huinakili kwa dakika chache. Kwa hivyo kupamba kuwe kwenye diski yake peke yake, nikaha na wanaume kwenye nyingine, na kila diski iandikwe wazi ni ya nani kuitazama. Kabla ya kunakilia Maskati na Toronto, waulize wenyewe walio hai mmoja mmoja. Aliyekubali kupigwa picha mwaka 1991 alikubali kanda moja iliyokaa kabatini kwa mama. Faili yapita baharini kwa sekunde, na hilo hakuliridhia. Akikataa mmoja, kata sehemu yake. Diski ya nje ifungwe kwa VeraCrypt, programu ya kufunga data kwa nywila, nayo ni ya bure. Na siku laptopu itakapokwenda kwa fundi, kumbuka kwamba faili uliyoifuta bado inaweza kufufuliwa. Afadhali unase moja kwa moja kwenye diski ya nje iliyofungwa kuliko kwenye laptopu.

Zile kanda ndogo 4 za mwaka 2004 huenda ni MiniDV. Kama ndizo, picha imeshakuwa ya kidijitali ndani yake, na njia safi ni waya wa FireWire kwenda kompyuta ya zamani yenye tundu hilo, kwa programu ya WinDV. Saa moja ni gigabaiti 13, na hakipotei kitu. Tundu la USB la kamera nyingi za wakati ule lilikuwa la picha za mnato tu. Ukikosa FireWire, tumia matundu ya rangi kama VHS. Utapoteza kidogo, si cha kukukosesha usingizi. Ila hizi zifanye mapema, kwa sababu kamera za kuzichezea zazidi kufa. Sony wenyewe waliacha kutengeneza kanda hizo Februari 2025.

Pa kumwita mtu ni kwenye kanda zenye kuvu, na kanda iliyokatika. Hizo hufunguliwa kwa bisibisi, husafishwa taratibu kwa mkono, na anayesafisha huvaa barakoa. Si kazi ya kujifunzia kwenye harusi ya mama yako. Tafuta fundi mwanamke kama yupo, ambaye mtaafikiana aisafishe kanda bila kuicheza. Usafi hauhitaji kutazama. Ikilazimika kuchezwa, kaa naye, faili iandikwe kwenye diski yako, uondoke nayo. Ada itakuwa kubwa kidogo na ni haki yake.

Diski zikishakuwa tayari zisimamishwe ndani ya makasha yake, mbali na dirisha la jua na mbali na ukuta wenye maji. Wino ulio ndani ya DVD-R hufifia kwa mwanga na joto, na hakuna anayeweza kukuahidi miaka mingapi. Diski ya nje nayo iwe mbili, moja kwako na moja nyumba nyingine.

Na usichome nakala kumi kwa siku moja. Choma moja, uende nayo Kibokoni, uitie kwenye deki ya bibi mwenyewe, kisha ukae uitazame mpaka mwisho. DVD husomwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hivyo dakika za mwisho ziko ukingoni, na huko ndiko deki iliyochoka huanza kukwama. Ikikwama, punguza urefu wa diski iwe saa moja na nusu na uchome kwa kasi ya 4. Ikikwama tena, niandikie aina ya deki iliyoandikwa nyuma yake.